Pua ya Ayeeyo

Mwezi uliopita nilishikwa na mafua ya ajabu. Hayakuniumiza sana, lakini yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia. Niliamka asubuhi nikamenya kitunguu, nikakisogeza karibu na uso, na hakikuwa na habari nami. Nikafukiza ubani, moshi niliuona tu kwa macho. Mume wangu alicheka, akasema hiyo ndiyo nafasi yangu ya kusafisha banda la kuku. Mimi sikucheka. Niliketi jikoni na kitunguu mkononi, nikamkumbuka Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, na msimu ule ambao nyumba yetu nzima pale Garissa iliishi kwa kunyata, kwa sababu ya jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Wenzangu mliokulia upande ule miaka ile mtalikumbuka soko la maziwa. Mtakumbuka mitungi ya plastiki ya manjano iliyopangwa juani, wanawake wenye mitandio mirefu wakiwa wameketi nyuma yake, na ule moshi. Mitungi ya maziwa ya ngamia haioshwi kwa sabuni. Hutiwa moshi wa kaa la mgunga hadi ndani kuwe kweusi, na maziwa yakimiminwa humo hutoka na ladha ya kuni na nyika. Mtoto wa muuza maziwa alinuka moshi huo nywele, nguo na vidole. Darasani mwalimu wetu, aliyetoka Kitui, aliuliza kila asubuhi nani amelala jikoni. Nilikuwa mimi, na sikuona haya. Nilikuwa mjukuu wa Ayeeyo.

Ayeeyo hakuwa mwanamke mkubwa wa mwili. Alikuwa mwembamba, mrefu kidogo, na pua yake ilikuwa imepinda katikati kwa sababu aliwahi kupigwa teke na ngamia akiwa msichana. Pua hiyo ndiyo iliyotulisha. Babu alipofariki na ukame ukawamaliza ngamia wake, Ayeeyo aliingia mjini na watoto, mtungi mmoja na pua. Alinunua maziwa kwa wanawake wa malishoni na kuwauzia watu wa mji, na kwa muda mfupi sifa zake zikaenea kwamba maziwa ya Ayeeyo hayamgeuki mtu tumboni.

Pikapu lilipofika kutoka barabara ya Modogashe, limejaa mitungi hadi juu na wanawake wamekaa juu ya mitungi, soko zima lilipiga kelele isipokuwa kibanda chetu. Pale kwetu wauzaji walijipanga. Ayeeyo alifungua kifuniko, akafumba macho, akavuta pumzi mara moja. Kisha alisema neno moja tu. Haya ni matamu, yaende kwenye mtungi mkubwa. Haya yameanza kugeuka, yawekwe kando yawe susa, maziwa mgando. Haya yametiwa maji ya kisima. Haya yarudi ulikoyatoa. Hakuna aliyebishana naye. Niliwahi kumwona mwanamke aliyeapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa hajachanganya maziwa ya asubuhi na ya jana, na Ayeeyo akamjibu kwa upole, macho bado amefumba, "Usimwingize Mungu kwenye mtungi, dada yangu. Chukua, nenda."

Mama yangu ndiye aliyeuza. Alizaliwa mjini na kusoma mpaka darasa la saba, na Kiswahili chake kilikuwa laini. Kwa hiyo wateja waliotoka bara, askari, wauguzi, walimu na wenye mikahawa, walikuwa wake. Nyumbani tulisema Kisomali. Mama alimwita Ayeeyo "Eeddo", shangazi, kama mke mwenye adabu anavyomwita mama mkwe wake, na nakumbuka sikuwahi kumsikia akimkatiza maneno.

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Tana ilivimba ikameza mashamba ya kingo zake, barabara zikageuka matope, na mbu wakaingia mjini kama jeshi. Ayeeyo akashikwa na homa. Alilala siku nyingi, akiwa mkavu na wa moto, Mama akimkanda kwa kitambaa cha maji na kumsomea Yasin. Alipopona alikuwa amekonda, lakini asubuhi ya kwanza aliyoweza kusimama alijifunga mtandio wake na kwenda sokoni. Alifungua kifuniko, akafumba macho, akavuta pumzi. Akasema, "Matamu." Sote tukamshukuru Mungu.

Wa kwanza kuja kulalamika alikuwa Mama Mwende. Huyu alikuwa Mkamba, mwenye mkahawa mdogo karibu na stendi ya malori, na alikuwa akinunua kwetu kabla mama yangu hajaolewa. Alifika katikati ya asubuhi na aproni yake, akamnong'oneza Mama waende nyuma ya kibanda. Mimi nilikuwa huko nyuma nikichochea makaa ya kutia moshi mitungi, nao hawakunijali.

"Chai yangu imekatika tena," alisema Mama Mwende kwa Kiswahili. "Mbele ya wateja. Sufuria nzima imekuwa mabonge mabonge. Hii si mara ya kwanza, na nimekuwa nikinyamaza."

"Najua," alisema Mama.

"Unajua nini?"

Mama alitazama upande wa mbele, alikokuwa Ayeeyo, kisha akashusha sauti. "Bibi hasikii tena. Tangu ile homa. Hasikii kabisa."

"Woi! Na umemwambia?"

"Nimwambie kwa mdomo gani, Mama Mwende? Mimi ni mke wa mwanawe."

Nilikuwa darasa la pili, na Kiswahili changu kilikuwa cha kitabuni. Kwenye kitabu chetu kulikuwa na picha ya sikio, na chini yake maneno: tunasikia kwa masikio. Sikujua bado kwamba kwa Kiswahili harufu nayo husikika. Nilibaki nimechuchumaa kando ya makaa, huruma imenijaa kifuani. Ayeeyo wangu amekuwa kiziwi, na hakuna wa kumsaidia.

Basi nikaanza kumsaidia. "AYEEYO! CHAI IKO TAYARI!" nilipaza sauti karibu na sikio lake siku hiyo jioni, naye akaruka hadi kikombe kikamwagika. Adhana ilipotoka nilimwonyesha kwa mikono kwamba wakati wa swala umefika. Mteja alipomsalimu, mimi nilirudia salamu ile kwa sauti ya mnadani. Mwanzoni alicheka. Kisha akakasirika. Kisha, mchana mmoja tukiwa wawili tu uani, akanishika mkono na kunikalisha mbele yake.

"Hibo, nani amekwambia mimi ni kiziwi?"

"Hakuna."

"Hibo."

"Mama alimwambia Mama Mwende kwamba husikii tena, tangu homa," nilisema. Nikaongeza haraka kumfariji, "Lakini usijali, Ayeeyo. Nitakuwa nakusemea kwa nguvu."

Nilidhani angeniombea dua kwa wema wangu. Mkono wake ulipanda taratibu ukagusa pua, pale ilipopinda, kama mtu anayemfukuza nzi. Kisha ukashuka.

"Alimwambia kwa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Vizuri," alisema. "Usimwambie mama yako kwamba nimekuuliza."

Tangu siku hiyo hewa ya nyumba yetu ikabadilika. Sina njia nyingine ya kuieleza. Maneno yalikuwa yale yale: leta maji, funga mbuzi, umekula? Lakini kila neno lilitolewa kama mtu anayepita kwenye miiba bila viatu. Mama alikuwa ameanza kunusa mitungi kwa siri baada ya Ayeeyo kuipitisha, na uliokuwa na walakini aliusogeza nyuma kwa mguu bila kuangalia chini. Siku moja alikuwa ameinamia mtungi, pua kwenye mdomo wa mtungi huo, Ayeeyo akageuka ghafla. Mama akashika kifuniko akajifanya anakikaza. Alikikaza, akakikaza, hali kilikuwa kimekazwa tayari. Ayeeyo alimtazama, kisha akageuza uso akaendelea na muuzaji aliyefuata.

Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Wakati ule malori yalikwenda Wajir na Mandera kwa msafara wenye askari, kwa hiyo akiondoka hatukujua atarudi lini, na akirudi ilikuwa sikukuu. Safari hiyo Mama hakumpa hata nafasi ya kumaliza chakula.

"Yeye ni mama yako," nilimsikia akimwambia. "Mimi nikisema, kesho mji mzima utasema mke amemfukuza mama mkwe kibandani kwake. Sema wewe."

"Nitasema," alisema Baba.

"Leo."

"Nimesema nitasema, mwanamke."

Alisema baada ya swala ya alasiri. Tuliketi uani, Ayeeyo kwenye kigoda chake, Baba kwenye mkeka na birika la chai mbele yake. Alikuwa amemletea mtandio mpya kutoka Eastleigh, wa rangi ya zambarau, akaufungua mwenyewe na kumwekea mapajani.

"Hooyo," alisema, kama alivyozoea kumwita mama yake, "umri umesogea."

"Wa nani?"

"Wetu sote."

"Alhamdulillahi."

Baba akanywa chai. "Na jua la sokoni ni kali siku hizi."

"Jua hilo nililijua kabla sijakujua wewe."

"Nilikuwa nafikiri labda upumzike. Tukujengee baraza nzuri hapa mbele, yenye kivuli. Ukae. Watu waje kukusalimia."

"Kama maiti," alisema Ayeeyo.

"Astaghfirullah, Hooyo!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, hapepeti. Ayeeyo aliukunja ule mtandio vizuri, pembe kwa pembe, akaurudisha kwenye mkeka.

"Ali," alisema, "ngamia mwenye mwiba mguuni hatibiwi kwa kupapaswa nundu. Kama una neno, litoe."

Nilimwona baba yangu akifungua mdomo. Huyu ndiye mtu aliyeweza kuvusha lori kwenye laga, korongo la maji ya mvua, likiwa limefurika, utingo wakisoma shahada. Aliangalia chini, akaokota jani la chai kwenye ukingo wa kikombe, akasema, "Hakuna neno, Hooyo." Kesho yake msafara uliondoka, naye akaondoka nao.

Ayeeyo naye aliondoka, ila yeye hakwenda mbali. Asubuhi hiyo hiyo alichukua mkeka wake, kikombe chake cha bati na mitungi yake ya zamani, akapita mbele ya kibanda chetu bila kusimama, akaenda kutandika upande wa pili wa soko, chini ya ukuta wa wauza miraa. Aliniita nimfuate. Nilimtazama Mama. Mama aliinua kidevu kidogo: nenda.

Mnajua sokoni habari haitembei, huruka. Kabla ya adhuhuri kila mtu alijua kwamba nyumba ya Ayeeyo imegawanyika, na kila mtu akatengeneza sababu yake. Wapo waliosema Mama amemwekea kitu kwenye chakula. Wapo waliosema Baba anaoa mke wa pili. Wateja walifika katikati ya soko wakasimama, wakatazama huku na kule kama watoto wa wazazi waliogombana. Mama Mwende alinunua kwa Mama, kisha akavuka akanunua na kwa Ayeeyo, uso ameinamisha. Wauzaji wa malishoni nao walipata akili mpya: mtungi ambao Mama aliukataa upande huu, waliubeba wakaupeleka upande ule.

Lakini upande ule Ayeeyo alikuwa ameanza jambo. "Hibo," aliniambia siku ya kwanza, "nusa huu." Nikanusa. "Unasemaje?" Nikasema unanichoma puani. Akafumba macho, akavuta pumzi, akamwambia mwenye mtungi, "Chukua, nenda." Mtungi uliofuata vivyo hivyo: mimi kwanza, yeye baadaye, na kila mara alikubaliana nami. Ilikuwa likizo ya shule. Niliamini kwamba nimechaguliwa kurithi elimu ya Ayeeyo, kwamba huu ni mtihani na ninaupita kila mara. Niliporudi nyumbani nilitembea kifua mbele. Mama aliniuliza, "Leo mmefanya nini?" nikajibu, "Ananifundisha," naye akageuka akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Shida ni kwamba asubuhi nilikwenda duksi kusoma Kurani. Kwa kawaida pikapu lilichelewa na nilikuwa nimeshatoka. Siku nyingine liliwahi, na Ayeeyo akaipima mitungi peke yake.

Nililiona jambo lenyewe nikitoka duksi, ubao wangu wa Kurani kwapani. Mama alikuwa anavuka soko. Alikuwa amekiacha kibanda wazi, mitungi na vikombe bila mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kila alipopita, mazungumzo yalikatika. Alipofika kwa Ayeeyo hakukanyaga mkeka. Aliketi chini, kwenye vumbi, magoti yamekunjwa, mbele yake.

"Assalamu alaikum, Eeddo."

"Wa alaikum salaam. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kusema. Kyalo, mtoto wa Mama Mwende, amelazwa hospitali. Anahara na kutapika tangu jana. Dada yake alimpa maziwa ya jagi kabla hayajachemshwa."

"Maziwa yangu au yako?"

"Sijui. Ananunua kwako na kwangu. Sitasema ni yako, kwa sababu sijui. Ninachokijua ndicho nitakachosema." Nilisikia sauti yake ikitetemeka, kisha ikakaa sawa. "Pua yako imekufa, Eeddo. Imekufa tangu ile homa."

Wauza miraa waliacha kufunga mafungu. Mwanamke aliyekuwa akihesabu chenji alibaki amekunja ngumi.

"Punguza sauti," alisema Ayeeyo.

"Nimeipunguza kwa miezi, ndiyo maana tumefika hapa. Nilikuwa nikinusa nyuma yako kama mwizi."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona ukikaza kifuniko kilichokazwa."

Mama alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. "Basi kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia? Ulikwenda kumwambia mgeni, kwa lugha ya wageni, nyuma ya kibanda nilichokijenga kwa mikono yangu. Mimi nikaletewa habari na mtoto aliyedhani nimekuwa kiziwi."

Mama alinigeukia. Sitasahau uso ule. Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama na ubao wangu, kwamba masikio ya Ayeeyo hayakuwahi kuwa na kosa lolote, na kwamba mimi sikuwa mwanafunzi wa mtu. Nilikuwa nimeazimwa pua.

"Nilijua kabla yenu nyote," alisema Ayeeyo. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, lakini soko lilikuwa kimya hata kila mtu alisikia. "Siku ya kwanza nilipofungua mtungi baada ya homa, ilikuwa kama kufungua mlango wa nyumba nikakuta nyumba haipo. Nikasema matamu, kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Kesho nikasema tena. Ningesema nini? Pua hii imelea watoto wangu. Ikifa, mimi nabaki nani? Kikongwe wa kulishwa uji?"

"Unabaki mama wa nyumba yetu," alisema Mama. "Lakini maziwa hutayapima."

Ayeeyo alingoja. Nadhani alingoja neno moja zaidi, la kumbembeleza, kwamba ni kwa muda tu au kwamba tutaona. Sisi sote tulilingoja. Mama hakulisema. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, lakini hakulisema.

Ayeeyo akasimama. Alifungua mtungi wa kwanza akaumwaga chini, kisha wa pili, kisha yote. Watu waliguna, maana kumwaga maziwa ni kitu kizito kwa watu wetu, na humo bila shaka mlikuwa na maziwa mazuri. Lakini yeye hakuwa na njia ya kujua yepi. Maziwa yalitambaa kwenye vumbi mpaka miguuni mwa wauza miraa, na hakuna aliyerudisha mguu nyuma.

"Nipeleke hospitali," alimwambia Mama.

Tulimkuta Mama Mwende kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, kanga begani, macho mekundu. Kupitia dirishani niliweza kumwona Kyalo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na chupa ya maji ya dripu juu yake. Mama alifungua mdomo ili amsemee Ayeeyo, kama alivyofanya miaka yote kwa wateja wa bara. Ayeeyo akamzuia kwa mkono. "Nitasema mwenyewe."

Kiswahili cha Ayeeyo kilikuwa cha kuuzia tu: kikombe, mtungi, leo, kesho, na ulimi wake uligeuza p kuwa b, na z kuwa s. Alisimama mbele ya mwanamke yule na hicho alichokuwa nacho.

"Mama Mwende. Mimi kuja sema. Bua yangu nakufa samani. Harufu hakuna. Mimi najua, mimi nanyamasa. Masiwa yangu, labda, nafanya mtoto mgonjwa. Mimi nakosa. Wewe nisamehe."

Kwa Kisomali angepata methali, angepata dua, angepata mahali pa kujificha. Katika maneno yale machache hapakuwa na pa kujificha.

Mama Mwende alimtazama. "Nilijua, Bibi," alisema. "Niliambiwa. Lakini niliona haya kukupita mbele ya watu. Nilinunua kwa haya, nikayapeleka maziwa nyumbani." Akafunika uso kwa kanga. Kisha, bila kuiondoa, akasema, "Kwa sasa sina neno zuri la kukuambia. Usinidai neno zuri."

"Sidai," alisema Ayeeyo.

Akaketi kwenye benchi lile lile, mwisho kabisa, nasi tukaketi naye. Jua lilikuwa limeanza kulegea muuguzi alipotoka kusema mtoto ameomba maji na yamekaa tumboni.

Kyalo alipona. Mama Mwende hakurudi kwetu haraka. Kwa muda mrefu chai yake ilipikwa kwa maziwa ya unga, na kila tulipopita stendi tuliona makopo yake yamepangwa dirishani, na Ayeeyo aliyatazama yote bila kugeuza uso. Mpaka mvua nyingine ikaja, ndipo binti wa Mama Mwende akaja siku moja na jagi, akasema mama yake anasalimia.

Lakini nataka kuwaeleza juu ya asubuhi moja kabla ya hapo, siku chache tu baada ya hospitali. Ayeeyo alikuwa amerudisha mkeka wake kwenye kibanda chetu. Alikuwa ameketi kando, akimimina maziwa kwenye vikombe vya wateja, kazi iliyokuwa ya Mama. Mama alikuwa ameketi mbele ya mitungi. Pikapu likafika, na juu ya mitungi alikuwa shangazi yangu Habiba, binti pekee wa Ayeeyo, aliyeishi na ngamia upande wa Modogashe na hakuwa amefika mjini tangu mvua. Alishuka akacheka, akamkumbatia mama yake, akatubusu sote. Kisha akaweka mtungi wake mbele kabisa ya foleni, kama ilivyokuwa haki yake.

Mama alifungua kifuniko. Alifumba macho, akavuta pumzi. Nilimwona akivuta tena, mara ya pili, jambo ambalo Ayeeyo hakuwahi kulifanya. Foleni nzima ilikuwa inatazama mikono yake.

"Yamegeuka, Habiba," alisema. "Yamekaa juani. Siwezi kuyachukua."

Shangazi Habiba alidhani ni mzaha. Alicheka peke yake, kisha akaacha. Damu ikampanda usoni. Yeye ni mtoto wa nyumba, na huyu ni mke aliyeletwa. Aligeuka akamtazama mama yake, macho yamemtoka, akingoja.

Ayeeyo alikuwa anamimina. Alimaliza kujaza kikombe, akampa mteja, akafuta mdomo wa mtungi kwa pembe ya mtandio.

"Mbona unanitazama mimi?" alimwambia binti yake. "Mwenye kibanda amekwisha sema."

Shangazi akainama, akaubeba mtungi wake. Mama alibaki amekaa wima, mikono yake imeshika kifuniko kwa nguvu. Kisha akakiweka chini, akanyoosha mkono kwa mwanamke aliyefuata katika foleni, na kumwambia, "Lete."